Meza Nyekundu ya Maximilla

Maximilla wa Dabani alitaka meza ya uani, meza ya zege, ile isiyooza kwa mvua, isiyoliwa na mchwa, na ambayo mjukuu hawezi kuibeba usiku akaiuze Busia. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Sababu yenyewe alibaki nayo kifuani. Tangu mumewe Osborn azikwe, mwaka wa pili sasa, jumuiya ya kina mama wa kanisani ilikuwa ikiiruka nyumba yake. Walizunguka kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wakisali kidogo na kunywa chai sana. Kwake hawakufika. Sebule yako ndogo, walisema, joto jingi. Haya, akajisemea, nitawaweka nje, nione kama jua nalo watalikuta ni dogo.

Fundi aliyempata ni Emojong wa Rubongi, mjenzi wa makaburi ya simenti. La Osborn, pale nyuma ya jiko, lilikuwa kazi yake. Kwa simenti ya rangi hakuwa na mpinzani.

"Naweka rangi gani, Mama?"

"Unazo zipi?"

"Nyekundu. Hiyo sijawahi kuletewa malalamiko."

"Wateja wako walalamike kwa mdomo gani?"

Emojong alicheka mpaka akaweka koleo chini. Maximilla, ambaye hakuwa amemchekesha mtu mzima tangu Pasaka, aliona mwili mzima umepata joto.

Siku hiyo alivuta kiti akakaa karibu na kazi. Emojong alichanganya unga wa rangi na simenti vikiwa vikavu, akaongeza mchanga na kokoto, kisha maji kidogo kidogo. "Maji yakizidi, rangi nakimbia," alisema. Akatandika nailoni ndani ya kalibu yake ya mbao, akaipaka mafuta ya kupikia, akalaza wavu wa chuma, akamimina. Maximilla naye alimimina maneno: mikoromo ya Osborn, ng'ombe aliyekula kofia ya katekista, yote. Fundi aliitikia "Eee, Mama" kila mahali panapostahili. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila siku.

Kesho yake Emojong akasema, "Sasa miguu. Nakuwekea nguzo mbili, nakwisha leo."

"Leo hii?"

"Kabla ya saa kumi."

Maximilla akatazama njia. Hapakuwa na mtu.

"Na ukijenga kuta pande zote nne, kama sanduku?"

"Hiyo ni siku tatu. Nne na plasta. Lakini magoti utaweka wapi?"

"Magoti yangu yana miaka sabini na moja, yatajua pa kwenda. Jenga!"

Zikajengwa kuta, na mabenchi mawili pembeni. Kisha wiki nzima Emojong alikuja kumwagilia magunia yaliyofunika zege lisipasuke, kazi ambayo Maximilla angeifanya mwenyewe kwa jagi moja, ila alimwambia mgongo umekataa. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Mwisho meza ikapakwa nta, ikang'aa hadi kuku mmoja akajiona ndani yake na kuanza ugomvi.

Siku ya kuondoka, Emojong alifunga kalibu kwenye pikipiki, akauliza kwa mazoea, "Jina tunaandika?"

"La nani?"

Akaitazama meza, akamtazama mama. "Basi tu," akasema, akapiga kiki. Maximilla akadhani ni mzaha, akacheka peke yake.

Jumapili walikuja kina mama kumi na mmoja. Waliingia wakiimba, na wimbo ukazimika kuanzia mbele kwenda nyuma. Goretti, kiongozi wao, rafiki wa Maximilla tangu usichana, alishika mdomo.

"Maximilla! Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia kanisani. Nimejenga meza."

"Meza?" Goretti hakusogea. "Unajijengea ukiwa hai? Unakiita kifo nyumbani?"

Hapo ndipo Maximilla alipoiona meza yake kwa macho ya wenzake. Sanduku la simenti, jekundu, urefu wa mtu aliyelala, kingo zimekatwa kwa mshazari, nta juu. Ungedhani ni pacha wa lile kaburi la nyuma ya jiko. Angeweza kueleza. Lakini mdomo wake haujawahi kueleza jambo unaloweza kulifanyia mzaha. Alipanda juu, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Tazameni, miguu inazidi! Lingekuwa langu, Emojong si angenipima kwanza?"

Hakuna aliyecheka. Athieno, aliyeolewa hapo jirani kutoka Paya, alipiga yowe akakimbia, ndala moja ikabaki getini. Wengine wakamfuata. Zikabaki chupa mbili za chai na mandazi sinia nzima.

Wiki tatu zikapita. Kanisani walimsalimia kwa ncha za vidole. Alikula mezani pake kwa ukaidi, akiwarushia kuku makombo. Mara moja alimpigia Emojong aje aivunje. Alishapiga hesabu kwamba kuivunja nako kungechukua siku nne. Emojong alikuwa Malaba, ana msiba wa watu wengine, akasema pole Mama, mwezi ujao.

Alhamisi moja, saa kumi, Goretti akaingia peke yake na kigoda kwapani. Akakiweka hatua mbili kutoka kwenye meza.

"Nimekuja kunywa chai. Hapo sikai."

"Mabenchi yapo."

"Nimeyaona. Nimekuja na changu."

"Goretti, ni meza tu. Simenti na mchanga."

"Kichwa changu kinajua ni meza. Mkono ndio unakataa."

Maximilla akamimina. Goretti akakunja ncha ya leso yake, akaiweka mapajani, kikombe juu yake.

"Utaungua mapaja wewe mwanamke."

"Ni yangu."

"Na Erisa je, hayaulizi?"

"Mume wangu? Aliacha kuyauliza kabla serikali haijatuletea umeme."

Wakacheka, Goretti akimwaga chai kidogo, akijikung'uta na kutukana. Kilipotulia kicheko, Maximilla alikitazama kikombe chake, kimesimama peke yake katikati ya wekundu ule wote. Akakichukua. Akazunguka meza, akakaa kwenye ncha ya benchi iliyokaribia kigoda, akakiweka mapajani.

"Lo! Kweli ni moto."

"Shika huku," akasema Goretti, akampa ncha ya pili ya leso.