Wageni wa Fond Zabriko

Verlina Prosper alikuwa na kazi ambayo watu wa Roseau, mji wa bandari wa kisiwa chetu, waliionea kijicho. Meli ya watalii ikishafunga kamba gatini, yeye ndiye aliyepanga wageni wapelekwe wapi na warudishwe lini. Visiwa vyetu vyote vina jua, vina bahari na vina ramu. Meli inakaa nusu siku kwa kila kimoja, halafu inakwenda zake, na haimsubiri mtu hata awe mke wa nahodha. Kwa hiyo mpangaji lazima ajue barabara ipi ina makorongo, mto upi hujaa ghafla, na dereva yupi akipewa kikombe kimoja hutamani cha pili. Verlina aliyajua hayo yote. Lililomshinda lilikuwa dogo tu, kufungua mdomo.

Aliwaahidi watu wa Fond Zabriko, kijiji alichokulia huko upande wa mashariki, kwamba msimu huu meli ingewaletea wageni. Wangeshuka kwenye mabasi, wangepanda kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya maji, wangekula chakula cha kijiji na kukilipia. Fond Zabriko haikuwa imeona neema tangu kimbunga kiliponyofoa mapaa na kulaza migomba yote. Habari ile waliipokea kama watu waliokaa sana gizani wanavyoipokea taa.

Njia ya maporomoko ilikuwa imefunikwa na magogo na matope. Wakaamua kuifungua kwa koudmen, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo, kama ujima. Lakini koudmen haiwi ya hewani, lazima iwe na mwenyewe. Mwenyewe huwapikia wanaofanya kazi, na baadaye kila aliyemfanyia humdai siku moja ya jasho. Njia ile haikuwa ya mtu. Walijadiliana kidogo, kisha wakasema basi iwe ya Verlina. Naye akakubali huku akicheka, akawapikia supu ya majani ya magimbi kwa mikono yake, akala nao. Siku ile alikuwa mkweli kabisa.

Kisha Bwana Tveit akapiga simu. Huyu alikuwa mkuu wa matembezi ndani ya meli, mtu mpole, asiyepandisha sauti. Alisema ratiba imebadilika, meli ingefika mchana badala ya alfajiri. "Mashariki ni mbali," alisema. "Tuwapeleke wote kwenye chemchemi za maji moto hapo karibu. Au wewe unaonaje?"

Unaonaje! Swali lilikuwa wazi kama mlango. Verlina alijua jibu. Mabasi ya Fond Zabriko yangeruhusiwa kutoka kwanza kabla ya mengine, muda ungetosha, ingawa kwa kubanabana. Lakini basi moja likipata pancha kule milimani, wageni wangeachwa na meli, na lawama ingekuwa yake. Isitoshe, Bwana Tveit alikwisha kumdokeza kwamba alitafuta mtu wa kupanga matembezi ya visiwa vyote vya kusini, mpaka Grenada. Hakutishwa, hakulazimishwa. Alisema tu, "Sawa."

Jumanne, siku mbili kabla ya meli kufika, alikwenda Fond Zabriko kuwaambia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika aliwakuta wanamalizia ngazi za mwisho, wanachimbia vipande vya miti na kuvishindilia kwa mawe. Alphonsus, aliyeitwa Fonso na kila mtu, alikuwa kifua wazi, matope mpaka kwenye nyusi.

"Tazameni, bosi kaja mikono mitupu," Fonso alisema. "Mwenye koudmen bila sufuria, huo ni uhuni."

"Leo si siku ya kupika, Fonso."

"Siku ya kupika ni siku yoyote ambayo mimi nina njaa."

Watu walicheka. Mama mmoja aitwaye Titine alimshika mkono akampandisha ngazi moja moja, amwonyeshe kamba waliyofunga pale penye utelezi. "Ya wale wenye magoti mabovu," alisema. "Wakija wazee wa makamo yangu, washike hapa. Nami nimewawekea benchi pale, wapumue."

Juu, karibu na maji, alimkuta Nennen Ismenia. Nennen ni mama wa ubatizo, na huyu Ismenia ndiye aliyemlea Verlina baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye kusoma neno kanisani kila Jumapili. Wakati Verlina alipokuwa mtoto, uongo mmoja ulimpatia kofi moja, bila punguzo.

"Wanakuja wangapi?" Nennen aliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Verlina aliyatazama maji, akaitazama kamba, akamtazama Titine anayehema kwa furaha.

"Mabasi mawili," alisema.

Alijiambia kwamba angepiga simu Jumatano. Jumatano ikaja, naye akajitafutia shughuli. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha maradhi naye ana tumaini lake la kijinga, kwamba pengine usiku utapita na ugonjwa utaondoka wenyewe.

Alhamisi meli ikafika, nyeupe, ndefu kuliko barabara kuu ya mji. Verlina alisimama gatini na kibao chake, akiwapanga wageni waliojipaka mafuta ya jua mpaka waking'aa. Dereva Cuthbert, ambaye alioa Fond Zabriko, alimsogelea.

"Mbona mabasi yote yanaelekezwa chemchemi?"

"Ratiba imebadilika."

"Na wa kwetu wanajua?"

"Wanajua," Verlina alisema, macho kwenye kibao.

Cuthbert akapanda basi lake. Simu ya Verlina ikalia ndani ya mfuko. Ilikuwa Nennen. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena baadaye, na hiyo nayo akaiacha. Baada ya hapo haikulia tena, na kimya kile kilimuuma kuliko mlio.

Meli ilipoondoka, Bwana Tveit alimwandikia kumpongeza: mambo yamekwenda vizuri sana, na ile kazi ya visiwa vya kusini ni yake. Verlina alisoma akiwa ameshika usukani kwenye kona ya kwanza ya mlima. Alikuwa ameingoja habari ile mwaka mzima, na sasa aliona aibu hata kuisoma mara ya pili. Aliendelea kupanda kuelekea mashariki, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Alifika usiku umeingia, taa zimewashwa. Meza zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, zimefunikwa vitambaa vya mirabamiraba, maua ndani ya chupa. Wanawake walikuwa bado wamevaa nguo zao za sikukuu, sketi pana na vilemba. Walikuwa wanakula. Shelisheli la kuchoma, samaki wa chumvi, kuku, maandazi, vyote vya kutosha mabasi mawili, na wao peke yao ndio wakila, kwa bidii, kama watu wanaotimiza wajibu. Verlina alisimama kando ya gari akingoja atukanwe.

Titine ndiye aliyemwona kwanza. Alikuja mbio, akamkumbatia.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Injini, si Nennen wako katuambia? Meli imeharibika huko Martinique, ikarudi. Na wewe ukalia kwenye simu, maskini."

Fonso alimletea sahani iliyojaa. Alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa. "Injini ni injini," alisema. "Hata punda hugoma. Kula, bosi, usijinyonge. Umekonda kwa ajili yetu."

Verlina alipokea sahani. Hakuna kofi ambalo lingemuuma kama shelisheli lile.

Nennen Ismenia alikuwa ndani, jikoni, amempa mgongo, akifuta vyombo vilivyokwisha kufutwa. Verlina aliingia akafunga mlango.

"Nilikupigia, hukushika," Nennen alisema bila kugeuka. "Nikampigia Cuthbert. Akaniambia wageni wako chemchemi, wanaoga."

"Nennen…"

"Watu walikuwa wamekaa pale nje tangu asubuhi. Titine kavaa viatu vya harusi ya binti yake. Wakaniuliza, mama Ismenia, vipi? Wote wananitazama. Nikafungua mdomo niseme, nikasikia mwenyewe nasema injini."

"Hujawahi kusema uongo."

"Sasa nimesema." Aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu, na Verlina angependa yangekuwa na machozi. "Nilipokushika kwenye maji ya ubatizo, padre aliuliza, unamkataa shetani? Wewe ulikuwa kitoto, hujui kusema. Nikajibu mimi kwa niaba yako. Ndiyo kazi ya nennen. Leo tena nimejibu kwa niaba yako. Una miaka thelathini na mitano, Verlina. Ulishindwa nini kusema mwenyewe?"

Verlina alitafuta sababu, akazikuta zote, barabara, pancha, muda, na kila moja ilikuwa ya kweli na haikufaa kitu.

"Niliogopa kuwaudhi," alisema mwishowe. "Na niliitaka kazi ile. Na kila siku niliyokaa kimya, kesho yake ilikuwa ngumu zaidi."

"Basi umewaudhi mara ngapi sasa?"

"Watajua, Nennen. Wana simu, wana ndugu mjini. Kesho watajua meli ilikuja."

"Watajua. Na watajua kwamba Ismenia anayewasomea neno ni mwongo." Aliweka kitambaa chini. "Nenda nje. Wanakungoja."

Nje, Fonso alikuwa amepanda juu ya kiti. Alikuwa na kikombe cha ramu mkononi na mpango kichwani, na hakuna mtu hatari kama huyo. "Jamani, nimefikiri. Hata meli ingekuja, mabasi yangegeuzia wapi? Pale mwisho wa njia pamebana. Jumamosi turudi na mapanga, tupanue. Ikija nyingine itukute tayari. Nani hajachoka?"

"Umechoka wewe mwenyewe, Fonso," mtu akasema.

"Nimechoka, lakini nitakuja. Kwa ajili ya Verlina huyu."

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, ya watu ambao mifupa yao ilikuwa bado inauma kwa kazi ya juzi. Verlina aliona mkono wa Titine. Akageuka, akamwona Nennen amesimama mlangoni, midomo imefungwa.

"Shusheni mikono," Verlina alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Hakuna injini iliyoharibika. Meli imekuja leo Roseau. Mimi nimewapeleka wageni wote kwenye chemchemi. Nilijua kabla ya Jumanne. Nilipokuja hapa nilijua, nikawaambia mabasi mawili."

Kilemba cha mama mmoja kilifunguka, naye hakukishika.

"Lakini Ismenia alituambia…" Titine alianza, na watu wakaanza kugeuza vichwa kuelekea mlangoni.

"Alisema nilichomwambia," Verlina alisema haraka. "Mchana nilimpigia nikamdanganya. Injini ni uongo wangu. Yeye aliniamini kama ninyi."

Vichwa vikasimama, vikarudi kwake. Nennen Ismenia alifungua mdomo pale mlangoni, kisha akaufunga.

Hawakumtukana. Ingekuwa nafuu. Fonso alishuka kwenye kiti taratibu, akakirudisha mahali pake. Wanawake walianza kukunja vitambaa vya meza. Titine alivua viatu, akavishika mkononi, akapita karibu na Verlina akiwa pekupeku bila kumtazama. Fonso ndiye aliyekuwa wa mwisho kupita.

"Ile koudmen ilikuwa yako," alisema, na safari hii hakukuwa na utani. "Tunakudai siku zetu. Utaanza kwangu, kwenye magimbi. Njoo na panga lako."

Jumamosi Verlina alilima magimbi ya Fonso mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mke wa Fonso alimletea maji, akaweka kikombe chini badala ya kumpa mkononi. Bwana Tveit alikuwa bado anangoja jibu. Jumapili Verlina akaenda kanisani kwa sababu kutokwenda kungekuwa kujificha tena, na kujificha alikuwa amekuchoka. Alikaa karibu na Nennen, kwenye benchi la mbele. Watu walimsalimia Nennen kwa huruma, mmoja baada ya mwingine, wakimgusa bega. Mama Ismenia, pole, kudanganywa na mtoto uliyemlea. Nennen aliitikia kwa kichwa.

Siku ile alikataa kusoma neno. Alisema sauti imemkauka.

Wakati wa komunyo ulipofika, watu walisimama wakajipanga. Nennen, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza, alibaki amekaa. Nyuma yao Titine alinong'ona kwamba ni magoti, siku ile ya meli mama wa watu alisimama sana.

"Nennen," Verlina alisema kwa sauti ya chini. "Twende. Nilidhani nimekutua mzigo."

"Ulinitua mbele yao." Alikuwa akitazama mikono yake. "Kumwambia padre ni rahisi, padre sikumdanganya mimi. Niliowadanganya ni hawa, na sasa wananipa pole. Nikisema kweli, wataona umewadanganya tena kwa ajili yangu, na hawatakusamehe maisha. Kwa hiyo nimenyamaza."

"Basi nitakaa na wewe."

"Hapana. Wewe umesema, nenda," Nennen alisema. "Ukikaa wataniuliza kwa nini, nami nitajibu tena kwa niaba yako."

Verlina alisimama. Watu walimwachia nafasi kwenye mstari, hakuna aliyemtazama usoni, naye akaenda.