Gari Lililia Breki, Likapewa Spika

Mwenye gari kuukuu, hasa kama kuna mtoto anayelipanda, asome hapa halafu aamue mwenyewe.

Mama mmoja alikuwa na mwana ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia, kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kukiri kimemshinda. Injinia alikuwa na gari kubwa la zamani, lile la kupanda kama unapanda kitanda cha juu. Gari lenyewe lilikuwa na maradhi mawili. Redio ilisema upande mmoja tu, wa pili kimya. Na gurudumu la mbele, kila akikanyaga breki, lilipiga kelele kwiii, mpaka mbwa wa mtaa wanajibu.

Gari hilo ndilo lililompeleka binti wa Injinia shule kila asubuhi, mtoto wa darasa la kwanza. Yule mama, bibi yake mtoto, alikaa naye kiti cha nyuma, maana akibaki nyumbani roho inakuwa juu juu.

"Mwanangu, hilo gurudumu litazame."

"Mama, tangu lini unajua magari?"

"Magari siyajui. Nakujua wewe."

Injinia akauliza kwenye kundi la simu la wenye magari kama lake, maswali yote mawili kwa pamoja. La breki akajibiwa na mtu mmoja: fungua gurudumu, pedi za breki zimekwisha. La redio wakajibu wote, na picha, na mabishano, mpaka watu wakatukanana. Injinia akaona penye watu wengi ndipo penye akili. Jumamosi ikaisha amelala chini ya dashibodi, miguu nje, anaunga waya. Akafunga spika mpya, na nyuma akaweka moja ya besi, kubwa kama ndoo.

Jumatatu wakaondoka, gari linatetema kwa muziki. Kwiii haikusikika.

"Unaona, mama? Limepona!"

"Limepona au umelizibia mdomo? Wewe ulipokuwa unalia nilikutazama una nini, sikukuwekea muziki."

"Haya, nazima." Akazima, akakanyaga breki. Kweli, kwiii haikuwapo. Badala yake kitu kikakwaruza chini, krrr, kama mtu anakokota jiko la chuma sakafuni.

"Na hiyo je?"

"Hiyo spika ya besi, haijakazwa."

"Si umezima?"

"Inapoa, mama."

"Simamisha tushuke!"

"Shule ile pale, jamani."

Shule ilikuwa chini ya mteremko. Injinia akakanyaga, pedeli ikazama mpaka sakafuni. "Mama!" akaita, sauti ya mtoto kabisa. Akavuta hendibreki kwa mikono miwili. Gari likayumba, likamkosakosa mwenye toroli, likajikita kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Bibi alikuwa amemlalia mjukuu mwili mzima. Mtoto akatoka amepasuka mdomo, basi.

Watu wakajaa. Wa kwanza kufika akachungulia ndani. "Kaka, hizo spika umezipata wapi?" Na Injinia akaanza kumweleza.

Bibi akamshika mjukuu mkono, wakamalizia kwa miguu.

Siku gari lilipovutwa kurudi nyumbani, Injinia akaja akitabasamu. "Kesho nitampeleka mtoto. Gari liko safi."

"Pedi umefunga?"

"Nimeshaagiza."

"Ukifungua gurudumu niite, nione kwa macho yangu. Kabla ya hapo, mtoto anatembea."

Bado hajaitwa.