Kimya cha Kanali Soe Paing

Asubuhi, baada ya uji wa mchele na kabla jua halijapata nguvu, wanawake wa nyumba ya taamuli ya mtaa wa mashariki, mjini Pakokku, hukaa upande wa kushoto wa ukumbi na wanaume upande wa kulia. Katikati pana kiambaza kifupi cha mwanzi ambacho hakimzuii mtu kuona wala kusikia, ila humkumbusha adabu. Daw Ohn Kyi alikuwa na mahali pake pa siku zote, ubavuni mwa kiambaza, penye nguzo. Magoti yake yalikuwa ya mwanamke aliyekaa chini maisha yake yote akisokota sigara za majani, na nguzo ilimsaidia kuinuka.

Kila mtu pale alikuwa na lililomleta. U Hla Baw, mwalimu mkuu mstaafu, alikuja kwa ajili ya presha. Vidonge vilimtia kizunguzungu, akaambiwa ajaribu pumzi. Ma Thwe, ambaye mumewe dereva wa lori alikuwa amefungua nyumba ya pili huko Magway, alikuja ili aache kulaani, maana alikuwa amelaani mpaka kuku wa jirani wameacha kutaga. Sayadaw, mtawa mkuu, alijua vyema kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefuata ukombozi wa viumbe vyote kama vitabu vinavyosema. Hakukasirika. "Mtu haendi hospitali kwa kuwa anaipenda afya," alikuwa akisema. "Huenda kwa kuwa anaumwa."

Kilichomuuma Daw Ohn Kyi ni mwanawe. Mwaka wa maandamano, Wunna alichukuliwa mezani kwenye mgahawa wa chai akatiwa kwenye lori pamoja na wenzake, kikombe chake kikabaki kinafuka moshi. Hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Mwenye maiti hulia, huzika, hunyamaza. Asiye na maiti hajui hata aanzie wapi. Miaka ikapita, mama akisokota sigara huku sikio liko mlangoni. Ila alipokaa ukumbini na kufuata tumbo lake, lapanda, lashuka, lapanda, lashuka, kulikuwa na muda mfupi ambao hakungoja. Kwake yeye taamuli haikuwa na maana nyingine. Ilikuwa mapumziko ya kungoja.

Mvua zilipokatika, Kanali Soe Paing akaja.

Hakuna asiyemjua. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi ya jeshi mwaka ule. Sasa alikuwa amestaafu, shingo imemsinyaa ndani ya kola, na macho mekundu kama ya mpishi wa tanuri. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Daktari wa Mandalay alimpa kila dawa iliyokuwamo kabatini, kisha akamwambia ajaribu kukaa kimya. Alivua viatu mlangoni, akasujudu mbele ya Sayadaw, akaahidi kutoua, kutoiba, kutosema uongo, na kutokula baada ya adhuhuri, kama wote wanavyoahidi. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya kiambaza, mkabala na Daw Ohn Kyi.

Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa amewaza atamfanya nini mtu yule siku akimpata karibu hivyo. Alichofanya ni kusogeza chupa yake ya chai, isije ikapigwa teke.

Siku za mwanzo Kanali alihangaika kama kuku kwenye tenga. Alijikuna, alikohoa, alibadilisha miguu. Kisha asubuhi moja akatulia. Mabega yakashuka, uso ukalegea, ukumbi mzima ukawa kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Ndipo kifuani mwa Kanali, chini kidogo ya kifungo cha pili cha shati, ikatoka sauti ya kijana ikasema pasi na haraka:

"Nani ana kiberiti?"

Midomo ya Kanali ilikuwa imefumbwa. U Hla Baw aliguna, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amefika mahali pazuri. Sayadaw hakufumbua macho. "Ni sauti," alisema. "Ijueni kwamba ni kusikia, kusikia. Kisha rudini kwenye pumzi."

Watu wakarudi kwenye pumzi. Daw Ohn Kyi hakurudi. Aliijua sauti ile. Ilikuwa na mkwaruzo wa mtoto aliyeanza kuvuta kwa kumwibia mamake.

Wakati wa chai ya mapumziko Ma Thwe alimsogelea. "Dada, umemsikia wako?"

"Nimemsikia."

"Bado anavuta?"

"Bado anavuta."

"Wanaume hawa," alisema Ma Thwe akitikisa kichwa. "Hata huko!"

Habari haina mguu lakini hufika. Kufikia wiki iliyofuata wazazi wa vijana waliochukuliwa walikuwa wamejaa mlangoni na mito yao ya kukalia, wengine kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto. Wakaandikishwa kama wanafunzi wa kawaida. Wengi walikuwa hawajawahi kukaa taamuli, na mwanzoni walikosea. Mama mmoja alimsikia mwanawe akimsifia mwenzake wimbo, akapiga yowe. Kanali akagutuka, sauti ikakatika, na asubuhi yote ikapotea. Ikaeleweka kwamba watoto husikika mtu yule akitulia tu, naye hutulia wengine wakitulia. Basi wazazi wakajifunza. Walijifunza kukaa bila kumeza mate. Waliacha mbu anywe ashibe aondoke. Babu mmoja aliyekuwa na kikohozi cha miaka alikiacha nje pamoja na viatu, akakivaa tena wakati wa kurudi nyumbani. Sayadaw aliwatazama akasema kwamba tangu avae joho hajapata kuona wanafunzi wenye bidii namna hii.

Sauti zenyewe hazikusema makubwa. Mmoja aliuliza ni saa ngapi. Mmoja alimdai mwenzake kandambili. Wunna alisema wali una mawe, siku nyingine akasema jua linamchoma jicho moja tu, maana yake wanaelekea kaskazini. Wazazi walikusanya vipande hivyo wakati wa chai, kama watu wanaokusanya vigae vya chungu. Palikuwa na lori. Palikuwa na kona yenye matuta. Palikuwa na harufu ya kuni mbichi na ya udongo unaochomwa. Kisha siku moja ikatoka sauti ya mtu mzima, nayo ilikuwa ya Kanali mwenyewe enzi za nguvu zake: "Upesi, tumalize kabla ya chakula cha mchana."

Wakajua ni tanuri la matofali la kando ya mto. Wakaenda. Tanuri lilikuwa limefungwa zamani, nyasi zimeota mdomoni mwake, na mlinzi akawaambia kwamba matofali ya mwisho ya mwaka ule ndiyo yaliyojenga soko na ukuta wa shule. Waliporudi walipitia sokoni. Walisimama kidogo mbele ya ukuta wa upande wa samaki, mmoja akaugusa. Kisha wakanunua mboga, kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia.

Daw Ohn Kyi na U Hla Baw, aliyekuwa na Kiingereza na miwani, walikwenda ofisi ya serikali. Karani aliwasikiliza vizuri.

"Haya maneno yametoka wapi?" aliuliza.

"Kifuani mwa Kanali Soe Paing," alisema Daw Ohn Kyi.

"Basi ni mali ya Kanali Soe Paing, shangazi. Aje ayalete mwenyewe."

Haikuwa dharau. Aliwapa viti hadi jua lilipopungua.

Kwa hiyo Daw Ohn Kyi akamwendea Kanali. Alimkuta kwenye kibaraza, amekaa na sahani ya majani ya chai yaliyochachushwa, karanga na vitunguu saumu vya kukaanga, akila chakula chake cha mwisho kabla ya adhuhuri. Kanali alimsogezea kigoda na kumimina chai.

"Karibu, dada. Naambiwa mnasikia vitu."

"Wewe husikii?"

"Sisikii lolote. Nahisi tu kama gesi inatoka." Alijipapasa kifua. "Nikimaliza najiona mwepesi. Jana nimelala mpaka jogoo. Mke wangu alidhani nimekufa, akanimwagia maji."

"Mwanangu aliitwa Wunna."

Kanali alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta miwani. "Walikuwa vijana wengi, dada."

"Mlipofika pale tanurini, mlifanyaje?"

"Sayadaw anatufundisha yaliyopita tusiyafuate," alisema Kanali kwa upole. "Nami namtii. Kunywa chai, itapoa."

Hakusema uongo. Katika wanafunzi wote yeye ndiye aliyekuwa anaendelea upesi zaidi. Mashavu yalimjaa, macho yakawa meupe. Na hapo wazazi wakaanza kutambua jambo ambalo wangelitambua mapema laiti furaha isingewaziba masikio: sauti zilikuwa zinapungua. Aliyeuliza saa hakuuliza tena. Wa kandambili alikuwa amenyamaza. Kila kilichosikika kilisikika mara moja tu, kikatoka, kikapaa juu ya mapaa, kisirudi. Watoto hawakuwa wanakuja. Walikuwa wanaondoka.

Daw Ohn Kyi alimwendea Sayadaw, akapiga magoti, magoti yakalia.

"Mtukufu, naomba umfundishe vibaya kidogo."

"Nani?"

"Kanali. Si vibaya sana. Mwambie ahesabu nyota badala ya pumzi. Mwambie chochote. Akipona, wangu amekwisha."

Sayadaw alikuwa na mpwa wake ndani ya lori lile, ingawa hakuwahi kulisema.

"Dawa haimuulizi mgonjwa alimfanya nani nini," alisema. "Ningetaka iulize. Nimekaa miaka yangu yote nikitaka iulize."

Jioni hiyo wazazi walikutana nyuma ya jiko. Babu wa kikohozi alipendekeza wapige makelele. Wakae ukumbini na sufuria, kila Kanali akitulia, wapige, abaki na usingizi wake mbovu na watoto wabaki ndani. Wengi waliafiki. Angalau wangekuwa mahali panapojulikana.

Ndipo Daw Yin Nu akasimama. Alikuwa muuza nguo za mitumba, mwembamba, na binti yake Sanda alichukuliwa siku ile ile alipochukuliwa Wunna. Alikuwa amekaa ukumbini tangu siku ya kwanza, na katika sauti zote Sanda hakuwamo.

"Ninyi mmeshasikia wenu," alisema. "Wangu bado hajatoka. Nawaomba."

Walitazamana. Hakuna aliyegusa sufuria. Walirudi ukumbini asubuhi, wakatulia vizuri kuliko siku zote, wakamsaidia Kanali kupona.

Wunna alisema mara ya mwisho mwishoni mwa msimu wa baridi. Hakumwita mamake. Alikuwa akizungumza na mtu aliyekuwa kando yake, kwa sauti ya uchovu wa kawaida: "Sogea basi kidogo, nami nikae." Kisha ikasikika pumzi yake, kama ya mtu anayeshusha mzigo. Daw Ohn Kyi aliifuata pumzi ile. Ikashuka. Alingoja ipande.

Baada ya hapo kifua cha Kanali kilitoa vitu vidogo: mlio wa gia, mtu akifyonza meno. Halafu asubuhi moja alikaa saa nzima, na hakikutoka kitu ila harufu kidogo ya vitunguu saumu. Alifumbua macho akatabasamu kama mtoto aliyeoga. Sayadaw alimuuliza anaonaje. Kanali alisema ndani yake ni kweupe, hamna mtu.

"Ndivyo inavyokuwa," alisema Sayadaw, akainamisha uso.

Kanali aliwaaga wote kwa heshima, akawaomba radhi kama aliwahi kumkanyaga mtu akipita kwenye mikeka, akaenda zake. Alijenga tangi la maji uani kwa shukrani, tangi zuri la matofali. Husemekana kwamba analala fofofo mpaka dereva wake amwamshe kwa honi.

Sanda hakutoka. Daw Yin Nu alikwenda mpaka nyumbani kwa Kanali akaomba amsikilize kifua kwa sikio, na Kanali, ambaye sasa hakuwa na ubaya na mtu, akafungua vifungo akamruhusu. Alisikiliza mpaka chakula cha mchana. Alisikia moyo, mzima, unaopiga vizuri. Wengine wakamwambia labda binti hakuwa upande wa Kanali. Siku ile kulikuwa na maofisa kadhaa, na kila mmoja alichukua wake.

Wazazi hawakuacha kuja. Kwanza ilikuwa mazoea, kisha hawakuwa na mahali pengine pa kujipeleka asubuhi. Hukaa, hutulia, na kwa kuwa walijifunza kusikiliza kuliko watu wote wa nchi ile, husikia kila kitu: mjusi ukutani, mchwa ndani ya nguzo, wali ukiiva mtaa wa tatu. Wageni huja kutoka Yangon kuwatazama. Huwauliza siri ya utulivu wao, nao hujibu kwa adabu kwamba ni kufuata tumbo tu. Presha ya U Hla Baw imeshuka. Kuku wa jirani ya Ma Thwe wanataga. Daw Ohn Kyi hukaa penye nguzo yake, tumbo lapanda, lashuka, na hangoji tena mtu mlangoni. Alikuwa akidhani siku asipongoja atakuwa amepona. Amegundua kwamba kungoja ndiko kulikokuwa kunamshikilia, na sasa hakuna kinachomshika. Akiinuka, huinuka kama mtu anayeinua gunia la mwenzake.

Mwezi jana, watu walipokuwa wakivua viatu, aliingia mzee mgeni. Alikuwa mnene, mwenye tambuu mdomoni na fimbo yenye kichwa cha fedha. Alimwambia Sayadaw kwamba ana mikono inayotetemeka na ndoto asizozipenda. Zamani, alisema, alikuwa Meja, na aliwahi kufanya kazi mji huu kwa muda mfupi, mwaka ule wa fujo.

Hakuna aliyegeuka. Wazazi walisogea tu, kila mmoja kidogo, mpaka nafasi ikapatikana kando ya kiambaza. Daw Yin Nu alichukua mto wake mwenyewe, akaukung'uta vumbi, akautandika pale kwa mikono miwili.

"Karibu, mjomba," alisema. "Kaa hapa. Hapa pana upepo mzuri."