Shelisheli Halijaiva

Mimba ya Nakimuli ilikuwa ya miezi minne, na kwa miezi miwili hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake. Wali wa nazi ulirudi. Samaki alirudi kabla hata hajafika. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Mwishowe mumewe Chirau, dereva wa lori, alikata shauri: Jumamosi akienda Kampala atampakia, amrudishe kwa mama yake Masaka, akajifungulie huko. Nakimuli hakutaka kabisa. Alikuja Msambweni kuwa mke wa mtu, si kurudishwa kama kreti tupu la soda.

Jirani yao, Bi Twaiba, alizisikia habari hizo. Jumatatu alileta mabungo. Yalimkunja Nakimuli uso mpaka akacheka, kisha yakarudi. Jumanne akaleta stafeli. Nalo likarudi. Jumatano alikuja na matunda mawili ya kijani, mviringo, yenye vipele vidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashelisheli haya. Nikikupikia mimi nitatia tui, na tui hulitaki. Basi fanya mwenyewe upendavyo."

Nakimuli aliyatazama akadhani ameyajua mara moja: mafenesi machanga. Kwao alikua akiyala. Akayatia guniani, akalisukuma gunia chini ya kitanda.

Jioni Bi Twaiba akauliza kutoka uani, "Je, shelisheli limeiva?"

"Bado, mama. Halijaiva."

Alhamisi asubuhi akauliza tena. Bado. Jioni pia.

"Linaanza kulainika," Nakimuli akamtuliza.

Ijumaa asubuhi Bi Twaiba aliingia na mzigo wa kuni kichwani, akautua mlangoni.

"Mwanangu, ungesema tu gesi imekwisha! Waona haya kwangu mimi? Siku ya tatu leo chakula hakijaiva! Sufuria iko wapi?"

"Sufuria ya nini, mama?"

Nakimuli akamwingiza chumbani, akalivuta gunia. Shelisheli moja lilikuwa limeoza ubavu mzima. Bi Twaiba alilitazama, akamtazama yeye, akaketi kitandani bila kukaribishwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kuiva kwake kulikuwa kwa sufuriani. Kuiva kwa Nakimuli kulikuwa kwa guniani.

La pili lilikuwa gumu bado. Walilimenya pamoja. Nakimuli akaomba majani ya mgomba, akavifunga vipande, akavipika kwa mvuke juu ya kuni zile, kisha akaviponda ndani ya majani kwa viganja, kama mama yake afanyavyo ndizi. Alipofungua, palinukia kwao. Akala kijiko kimoja. Wakangoja, wote wawili wakilikodolea macho tumbo lile. Hakikurudi. Akala cha pili, cha tatu, akitafuna huku analia.

"Ahsante, mama. Kwa kuni, kwa yote. Ahsante sana."

Bi Twaiba naye akaonja. "Halina tui wala chumvi ya maana," akasema, kisha akajiongezea.

Jumamosi asubuhi, Nakimuli akiwa ameshakula mara tatu na yote yamekaa, Chirau alipiga honi barabarani. Nakimuli alitoka bila begi. Alikuwa amekumbatia shelisheli kubwa, lililoangushwa asubuhi hiyo kutoka mti wa Bi Twaiba. Akalipandisha kwenye kiti ambacho kingekuwa chake.

"Mpelekee mama Masaka," alimwambia mumewe. "Na umwambie alipike siku hiyo hiyo. Asilingoje liive."