Udongo Chini ya Mtaro wa Ndambuki

"Rudia," Mwelu alisema. "Polepole, nisikie vizuri."

Alikuwa chini kabisa ya handaki alilolichimba kwa mikono yake, kina cha watu wawili, kwenye mteremko wa shamba lake huko juu Kangundo. Kando yake alichuchumaa Madino, mtaalamu wa miamba, binti ya Kulmiye muuza mbuzi wa Tala, na karatasi ya maabara mkononi. Akarudia. Lile gogo jeusi ambalo jembe la Mwelu lililigonga miezi mitatu iliyopita lilikuwa limelala chini ya mawe na udongo wa mteremko huu miaka elfu sita. Mlima ulilifukia ulipoporomoka, kabla mtu yeyote hajalima hapa. Akamwonyesha ukutani mkanda wa udongo wa kijivu, unaoteleza kama sabuni. Maji ya mvua yakifika hapo hukwama, na kila kilicho juu yake huachia. Miaka minne iliyopita, baada ya mvua ya wiki tatu, mlima uliteleza juu ya mkanda huohuo.

"Na mtaro wa mume wangu, Ndambuki?"

"Mtaro ulikuwa wa kina cha kiunoni tu, Mama. Mkanda uko huku chini. Huo mtaro wenyewe ulibebwa na mlima."

Mwelu hakushukuru. Miaka minne. Muema, shemeji yake, ambaye nyumba yake ilifukiwa na mlima, watoto wake wawili wakiwa ndani, alisimama kanisani mbele ya majeneza akasema Ndambuki ndiye aliyewaua, yeye na mitaro yake iliyonywesha mlima maji. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndambuki akakatazwa hata kutupa konzi ya udongo kaburini. Akahamia Kithyoko peke yake, akalima mashamba ya watu, na mwaka jana akafia hukohuko, akazikwa na watu wasiojua hata jina la mama yake.

Mwelu alipanda ngazi, akavuka bonde, akamkuta Muema akipogoa kahawa. Hakumsalimu. Alimwambia waende, na kwa jinsi alivyosema, Muema aliweka makasi chini akamfuata bila kuuliza.

Handakini Madino alieleza upya, kuanzia gogo mpaka mvua. Muema alisikiliza huku akiiminyaminya kofia yake.

"Shemeji," alisema mwishowe, "basi tusameheane."

"Sikukuita tusameheane. Nimekuita ukaseme. Jumapili, palepale uliposimama, kwa sauti ileile."

Madino aliikunja karatasi, akapanda juu, akawaachia nafasi.

Muema alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kama si Ndambuki, watoto wangu nitamdai nani?"

Wale watoto Mwelu aliwabeba mgongoni yeye mwenyewe. Lakini hasira haikushuka, wala hakutaka ishuke.

"Sijui," alisema. "Ndambuki mimi nakudai wewe."

Akapanda ngazi, akaketi juu ya lundo la udongo, mikono magotini. Chini, Muema alikuwa ameugeukia ukuta. Aliweka kiganja juu ya ule mkanda wa kijivu, akabonyeza, na maji membamba yakachuruzika katikati ya vidole vyake mpaka kwenye kiwiko. Hakuutoa mkono. Mwelu alikitazama kisogo chake, akangoja amwambie kama Jumapili atasimama.