Kadi Chafu za Leopold

Mena Bartkowiak hakuwahi kuwa na ugomvi na kadi za mumewe. Wanawake wengine wa mtaa wao pale Erie, Marekani, walikuwa na waume walioshinda baa, au walioenda kuvua samaki kwenye barafu ya ziwa wakarudi na mafua. Kaz wake alikaa sebuleni na albamu zake, miguu ndani ya soksi za sufi, akigeuza kurasa za plastiki taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Zilikuwa kadi za besiboli, zenye picha za wachezaji, zile zilizouzwa zamani madukani pamoja na kipande cha chingamu ngumu ya rangi ya waridi. Mena alipopita na chai alikiweka kikombe mbali kidogo na albamu, maana aliijua hofu ya mumewe, na Kaz alisema asante. Miaka hamsini ya ndoa, hakuwahi kusahau kusema asante.

Seti aliyoipenda Kaz kuliko zote ni ya mwaka 1962, ile iliyochorwa mistari ya mbao kuizunguka kila picha, kana kwamba mchezaji ametundikwa kwenye ukuta wa ubao. Ni karibu kadi mia sita. Lakini hakuianza yeye. Aliianza Leopold Kuzniar, kaka yake Mena, rafiki wa Kaz tangu darasa la kwanza. Leopold alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, gari lilipoteleza kwenye barafu. Akina mama wengi wa wakati ule walizitupa kadi za watoto wao, na mpaka leo kuna wazee wanaolalamikia jambo hilo. Mama Kuzniar hakuzitupa. Alimwita Kaz jikoni, akamkabidhi boksi la viatu, akasema, "Chukua wewe. Ulikuwa unacheza naye."

Sasa Jumatano moja ya mwezi Machi, Mena alikuwa jikoni na kitambaa cheupe cha ubatizo. Mjukuu wao Janelle alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na bila kuombwa na mtu yeyote akampa jina la Leopold. Mena alilia siku ile mpaka akaona aibu. Ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na yeye alishajua atadarizi nini.

"Mzee," aliita, "hebu niletee kadi moja ya Leopold. Yenye mwandiko wake nyuma."

"Mwandiko?" Kaz alijibu kutoka sebuleni.

"Si alikuwa anaandika nyuma ya kila kadi? L.K., ili wenzake shuleni wasimwibie. Na upuuzi wake mwingine. Nataka nifuatishe herufi zake mwenyewe nidarizi jina la mtoto. Unajua sina kitu kingine chenye mkono wake. Bomba lilipopasuka kule kwa mama, madaftari yote yaligeuka uji."

Alisikia kabati likifunguliwa, kisha kurasa za plastiki. Zikageuzwa, zikageuzwa tena, kwa haraka ambayo si ya Kaz. Alipoinua macho, mumewe alikuwa amesimama mlangoni na albamu mikononi, uso umemshuka.

"Mena, hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna hata moja."

Wakusanyaji wote hufanya hivi. Ukipata kadi safi kuliko uliyonayo, unaiweka hiyo safi kwenye seti, na ile ya zamani inaingia kwenye boksi la ziada. Boksi likijaa unalipeleka kwenye mnada au unabadilishana na wenzako. Na kadi yenye wino nyuma ni kadi chafu, hakuna anayebishana juu ya hilo. Kaz alianza na zilizochafuka zaidi. Mwaka hadi mwaka akazitoa moja baada ya nyingine, na hakuna siku aliyofikiri kwamba anaitoa nyumbani kadi ya Leopold. Alidhani anaitunza seti ya Leopold. Ya mwisho ilitoka masika ya mwaka juzi. Alikumbuka hata furaha aliyokuwa nayo siku hiyo, kwamba sasa seti imekamilika.

"Nilitaka iwe nzuri," alisema. "Kwa ajili yake."

Mena alitazama migongo ya zile kadi, ukurasa baada ya ukurasa, safi kama sahani zilizooshwa. Maneno mengi yalimjia. Akamwangalia Kaz usoni, akaona machozi yamekaribia, akayameza maneno yake.

"Kaa ule supu," alisema. "Inapoa."

Usiku alilala amempa mgongo, hilo alilifanya. Lakini asubuhi alikuta Kaz ameshakwangua theluji kwenye ngazi na ametandika gazeti mlangoni ili asiteleze, na wakati wa kunywa kahawa akamwuliza, "Wale watu wako wanakutana Jumamosi hii?"

"Wanakutana."

"Nakuja na wewe."

Mnada wa kadi hufanyika kwenye ukumbi wa zimamoto, mara moja kwa mwezi. Magari ya zimamoto hutolewa nje, meza za kukunja zinapangwa ndani, na wake wa wazimamoto wanauza kahawa na mikate yenye soseji ya pepperoni. Kaz aliingia na albamu yake kwapani kama kawaida. Mena alikuja nyuma yake na mkoba wake wa kudarizi.

"Shemeji!" alipiga kelele Dutch Hollenbeck, mzee wa meza ya kwanza, mfanyabiashara wa kadi mwenye mabega kama kabati. "Leo jua limetokea wapi? Jamani, sogezeni kiti, shemeji amekuja!"

Kiti kilisogezwa, na mtu ambaye Mena hamjui akavua koti lake akalikunja liwe mto, kwa sababu viti vile ni vya chuma na vina baridi. Mena aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Meza ile ilikuwa katikati ya ubishi ambao, kwa jinsi Kaz alivyomsimulia, haujawahi kumalizika tangu ukumbi ujengwe.

"Mwaka hamsini na tatu ndiyo seti," Dutch alisema. "Zilichorwa na wachoraji, kwa rangi! Unamwona mtu mpaka mawazo yake."

"Mawazo gani? Wote wanawaza chakula," alisema mzee mwembamba mwenye kofia ya masikio, jina lake Emmett. "Hamsini na tano, bwana. Ile yenye fremu ya televisheni. Sisi nyumbani hatukuwa na televisheni. Nilikuwa nazipanga mezani jioni, nakaa naziangalia."

"Na sabini na moja?" aliuliza mwingine. "Nyeusi pembeni, maridadi."

"Hiyo ukipiga chafya tu imechubuka!"

"Afadhali ichubuke kuliko ile ya sabini na tano, rangi mbili mbili kama aiskrimu ya watoto."

"Mimi nilikuwa mtoto, Dutch! Ndiyo maana naipenda!" alilalamika mpenzi wa ile ya sabini na tano.

Ile ya mwaka 1933 waliitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaomtaja babu aliyekwisha kuzikwa. Mena alisikiliza akapiga hesabu kichwani, akatabasamu peke yake. Kila mmoja wao alikuwa anautetea mwaka aliokuwa na miaka kumi.

Kaz alikohoa. "Dutch. Natafuta kadi za sitini na mbili."

"Wewe? Si umemaliza?"

"Natafuta zenye wino nyuma. Zilizoandikwa."

Meza yote ilimgeukia. Kisha Emmett akaanza kucheka mpaka kofia ikamteleza. Kaz pale ukumbini walimwita Bwana Sabuni, kwa sababu aliwahi kuirudisha kadi mara tatu kwa doa ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

"Bwana Sabuni anataka uchafu! Shemeji, mpeleke hospitali. Ameanguka bafuni huyu!"

"Zilikuwa za kaka yangu," Mena alisema, kwa sauti ya kawaida tu. "Ameziuza bila kujua anauza nini. Nyuma aliandika L.K."

Kicheko kilikatika. Emmett alivuta boksi la kwanza la kadi za dola moja moja akaanza kugeuza kadi, moja moja, mgongo juu. Yule wa aiskrimu akavuta la pili. Meza za jirani zikauliza kuna nini, zikaambiwa, na muda si muda nusu ya ukumbi ilikuwa inatazama migongo ya kadi ambazo hakuna mtu aliyezitazama kwa miaka. Mena alitaka kuwaambia wasijisumbue.

Dutch ndiye aliyejipiga kwenye paji la uso. "Tunahangaika bure! Zenye maandishi mimi siziachi humu. Namwekea Odell."

Odell Purifoy alikaa pembeni karibu na kipasha joto. Alikuwa mzee mweusi, mpole, aliyefanya kazi ya kuunda vichwa vya treni mpaka alipostaafu. Mezani kwake hakukuwa na kadi hata moja safi. Yeye alikusanya zilizochorwa masharubu, zilizoandikwa majina, zilizotobolewa na pini. Wenzake walimcheka na yeye aliwaacha wacheke.

"L.K.?" alisema. Mkono wake ulienda juu ya albamu ndogo nyekundu, ukatulia pale. "Ninazo kumi na moja. Namwita Larry. Nimemfuata mtoto huyo miaka mingi, boksi kwa boksi. Mnamtaka wa nini?"

Kaz alimweleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, na mwishoni akafungua albamu yake mezani. "Nakupa namba kwa namba, Odell. Mchezaji yule yule, safi kabisa. Kumi na moja kwa kumi na moja."

"Hizo zako zina nini cha kusoma?"

"Basi taja bei."

"Siuzi, Kaz." Alisema kwa upole, lakini mkono haukuondoka. "Huyu ni kama mtoto niliyemlea."

Mena alielewa. Alimwona mtu aliyeokota kilichotupwa na wengine, akakitunza, na sasa wanakuja kukidai. Akafungua mkoba wake akatoa karatasi laini za kufuatishia na penseli.

"Bwana Purifoy, sikuja kukunyang'anya," alisema. "Nina kitukuu anabatizwa, amepewa jina la kaka yangu. Naomba nifuatishe herufi tu, hapa hapa mezani kwako. Nikimaliza, kadi zako unazo."

Odell alimtazama. Kisha akaufungua ule ukurasa wa kwanza, akazichomoa kadi mwenyewe kwa ncha za vidole, akazipanga migongo juu. Mena akavaa miwani.

Ulikuwa mkono wa Leopold. Herufi zimelalia kushoto kama miti iliyopigwa na upepo wa ziwani, na L yenye mkia mrefu usio na sababu. Aliipata ile L kwenye sahihi, nyingine akaziokota moja moja kutoka kwenye maneno. *Huyu anakimbia kama bibi. Huyu nilimpata kwa kubadilisha na kisu.* Odell alimshikia karatasi isiteleze, na Kaz akaushikilia mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Kwenye kadi ya saba Mena alisimamisha penseli, mabega yakaanza kutikisika, na Kaz akamshika mkono akidhani analia.

Alikuwa anacheka. Akawasomea: "*Ni marufuku kugusa kadi hii. Hasa Mena.*"

"Ah, hiyo!" Odell alisema, uso umemng'aa. "Hiyo ndiyo niipendayo. Nimejiuliza miaka na miaka huyo Mena alikuwa nani. Lazima alikuwa mtundu."

"Ni mimi."

Odell aliitazama kadi, akamtazama bibi yule mwenye mvi na kidole chake juu ya kadi.

"Na bado umeigusa," alisema.

"Nilikuwa naigusa kila siku akienda shule."

Ndipo Odell alipocheka, kicheko kirefu cha tumboni, na watu wa meza ya Dutch wakageuka. Alipomaliza alizikusanya kadi zote, akazilinganisha kingo kwa viganja, akazisogeza mbele ya Mena.

"Chukua, mama. Siwezi kukaa na kadi inayomtaja mtu naye yupo mbele yangu."

"Hapana, hapana," Kaz aliingilia. "Hatuondoki mezani kwa mtu bila kumwachia kitu. Hapa hakuna desturi hiyo." Akaanza kuzichomoa zile safi, namba kwa namba, kadi alizozitafuta maisha yake yote, akizihesabia mkononi mwa Odell kama karanga.

"Jamani njooni mwone!" Emmett alipiga yowe. "Mabadilishano mabaya kuliko yote yaliyowahi kufanyika katika ukumbi huu! Kaz, seti yako inaanguka thamani, unasikia ikilia?"

"Iache ilie," alisema Kaz.

"Moja ubaki nayo," Mena alimwambia Odell. "Umemlea. Chagua."

Odell hakuhitaji kufikiri. Alichukua ile ya mchezaji anayekimbia kama bibi, akairudisha kwenye albamu yake nyekundu. Halafu akauliza, kama mtu anayeona haya kuchelewa kuuliza, "Jina lake hasa lilikuwa nani?"

"Leopold."

"Leopold." Alilijaribu mdomoni. "Larry nilikosea mbali sana."

Kaz alikuwa ameinama juu ya albamu, anazipachika kadi kumi kwenye nafasi zake tupu. Dutch alimchungulia begani, akamgusa kwa huruma kama mtu anayemwonyesha mzee kwamba amevaa fulana nje ndani.

"Kaz, ndugu yangu. Umeziweka mgongo mbele. Sura za wachezaji hazionekani."

"Najua," Kaz alisema, akaendelea na ya mwisho.