Laini Moja, Mtu Mmoja

Jumatatu saa nne asubuhi, wafanyakazi wa karakana ya Kiarie pale Riruta walitoka kunywa chai. Kaveke na Magdaline walikwenda wawili, akarudi mmoja. Alikuwa amebeba vikombe vyote viwili, akavisuuza, akaingia kazini.

Karakana hiyo hushona sare za shule. Wiki hiyo Kiarie, mwenye mali, alikuwa akihama kutoka madaftari hadi mfumo wa kompyuta, programu moja ya kushika vitambaa, oda, wafanyakazi na mishahara pamoja. Kwa hilo simlaumu. Stoo yake ilikuwa na majora ya kitambaa cha kijani ambayo hakuna aliyejua yalinunuliwa lini wala kwa ajili ya shule gani.

Geoffrey, mtaalamu wa mfumo, alikuwa akisafisha orodha ya wafanyakazi alipokuta wawili wenye namba moja ya simu. Kaveke alikuwa mkataji, mkaazi wa Soweto East kule Kibera. Magdaline alipiga pasi, na nyumbani kwake ni Kawangware. Laini ya simu ya Magdaline ilikuwa na mkopo uliomeza kila shilingi iliyoingia, kwa hivyo mshahara wake ulipitia kwa Kaveke, aliyemkabidhi wote bila kukata hata shilingi kumi. Watu wengi mtaani huishi hivyo. Mfumo haukuwahi kuishi mtaani. Ulisema laini moja ni mtu mmoja, ukauliza abaki nani. Saa nne hiyo ya chai, Geoffrey alichagua jina linalotangulia kwa alfabeti, akabonyeza, akaagiza chapati.

Mwanamke aliyebaki alikuwa na kimo cha Kaveke na mwendo wa Magdaline. Mkono wa kulia ulikata, wa kushoto ukapiga pasi, na mabega yalimuuma kuliko siku zote. Sifuna, askari wa getini, alimuaga mara mbili jioni hiyo, kwa sababu ana adabu.

Hapo ndipo swali la kwenda wapi lilipokuja. Kaveke alikuwa na mume, Makau, na watoto wawili. Magdaline alikuwa na Celine tu, binti wa miaka kumi na minne, na Celine hakuwa na mtu mwingine duniani. Wanawake hao wawili wakakubaliana humo ndani kupokezana siku, wakaanza na Kawangware. Celine alifungua mlango, akamtazama, akampakulia ugali.

"Mum, uko?"

"Niko. Tumebanana huku ndani, lakini niko."

Kesho yake alikwenda ofisini na laini mpya, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha Magdaline. Geoffrey aliona haya, nampa hilo. Alisema kitufe cha kuwatenganisha kipo, ila lazima Kiarie aidhinishe.

"Boss, sisi ni watu wawili," alisema kwa sauti ya Magdaline. "Niko na mtoto. Nirudishe nikuwe mimi, nilee mtoto wangu."

Kiarie alimgeuzia skrini. "Si unaona hapa? Kazi yote ya jana imeisha na mtu mmoja. Nikikutenganisha ni kama nimeandika mtu mpya, na bajeti ya huu mwaka ilifungwa."

Kaveke naye alieleza upande wake, kwa mdomo uleule. Mfumo uliandika lalamiko moja, la Kaveke, na kabla ya saa sita lilikuwa na alama ya kijani: limeshughulikiwa. Kinachoniuma ni kwamba katika chumba kile hakuna aliyesema uongo.

Mshahara ukawa mmoja, kodi zikabaki mbili. Mwezi wa tatu mwenye nyumba wa Kawangware alitia kufuli yake, na Celine akabeba godoro hadi Soweto East. Makau alitundika pazia, wakalala watoto watatu upande mmoja. Sauti ya Magdaline ilianza kuadimika. Ilitoka Celine alipokuwa karibu, na siku za oda kubwa haikutoka kabisa. Kiarie alimwambia Geoffrey atafute wengine wanaotumia laini moja. Walipatikana sita, na kufikia Ijumaa walikuwa watatu.

Shule ya Celine ilikuwa bado Kawangware. Siku moja alirudishwa akatafute saini ya mzazi kwenye fomu ya mtihani, mwisho saa saba. Akatembea hadi Riruta, akamwambia Sifuna amekuja kumwona mama yake, Magdaline.

Sifuna alikuwa amekunywa chai na Magdaline miaka minne. Alitafuta kwenye kompyuta ndogo aliyopewa.

"Magdaline hayuko kwa hii kitu, Celine. Na bila jina geti haifunguki. Niambie lile jina liko."

Celine aliitazama fomu, akatazama saa ya Sifuna.

"Kaveke," alisema.

Geti likafunguka. Mama yake akaja mbio, akatia saini juu ya goti, akaupuliza wino ukauke.

"Umeniita nani hapo getini?" Ilikuwa sauti ya Magdaline, ya kwanza tangu Jumapili.

"Kaveke."

Alimfunga binti yake kifungo cha juu cha shati.

"Sawa. Zoea hivyo, hata nyumbani. Siku moja utaniita Magdaline mbele yao, na watakufungia nje."

Akarudi ndani haraka, kwa sababu dakika zilikuwa zikihesabiwa.